KUJITOLEA NI KWA MASKINI TU? Mjomba wangu, nyayo za Kitaya na vyeti vya wenzetu

Najua nimeadimika. Wiki mbili hizi zilikuwa za mitihani ya kati, halafu tukapakiwa kwenye basi kwenda fildi, na bumu nalo limechelewa kama kawaida yake, kwa hiyo hata vocha ya kuingilia mtandaoni nimekopa kwa rumeti. Leo nimepata nafasi na nina hasira. Mnivumilie. Leo siandiki habari za maharage ya kantini wala nani kaachwa na nani pale hosteli. Nina neno moja tu nataka tulijadili: KUJITOLEA.

Jumatatu nimekuta tangazo limebandikwa kwenye ubao wetu wa matangazo, lina picha nzuri ya simba na machweo. Linasema jitolee, uje uwe mfuatiliaji stadi wa wanyamapori na mjuzi wa maumbile. Wiki kadhaa porini. Utajifunza kusoma nyayo, kinyesi, majani yaliyovunjika, sauti za ndege na nyota za usiku. Mwisho utapewa cheti. Ada ni kwa dola. Nikatoa simu nikapiga hesabu... mwe! Ni zaidi ya bumu langu la mwaka mzima. Chini kabisa, kwa herufi ndogo, wameandika kwamba zipo nafasi chache za bure kwa vijana wa vijiji vya jirani, ambao nao watajitolea kama wasaidizi wa kambi.

Soma tena hapo msomaji wangu. Mgeni akijitolea anakuwa mwanafunzi. Mwenyeji akijitolea anakuwa mbeba maji. Mgeni anaondoka na cheti, mwenyeji anaondoka na fulana.

Sitawataja ni akina nani, maana sina ugomvi na mtu mmoja. Ugomvi wangu ni na mtindo mzima, na mtindo huu upo nchi nzima, umezoeleka mpaka hatuuoni tena.

Kwa wale wapya humu, mimi natoka Kitaya, mkoa wa Mtwara, kando ya mto Ruvuma. Ukisimama kwetu ukatazama kusini unaiona Msumbiji. Wengi mmeisikia Kitaya mara moja tu maishani mwenu, ile Oktoba 2020, wavamizi walipovuka kutoka ng'ambo wakaua watu na kuchoma nyumba. Baada ya hapo mkatusahau, na sisi tukarudi kwenye mpunga wetu, korosho zetu na mto wetu. Mto huo ndio unatulisha, na mto huo huo ndio unatuua. Una mamba. Una viboko. Ukipanda mpunga bondeni, kiboko naye anajua umepanda, na haji kuuliza bei.

Mjomba wangu ndiye mtu aliyenifundisha kusoma kabla sijaenda shule. Sisemi a-e-i-o-u. Nasema kusoma mchanga. Alfajiri alikuwa ananichukua tunashuka bondeni, ananiambia, "Njomba, usikanyage kwanza. Tazama." Halafu ananiuliza maswali. Nani kapita hapa? Kapita lini? Alikuwa anakwenda au anarudi? Ana haraka au ana shibe? Nikikosea hanipigi, anacheka tu, na kicheko chake kilikuwa kinauma kuliko fimbo.

Kutoka kwake nilijua kwamba kiboko ana vidole vinne kila mguu, na kwamba njia yake ya kila siku huwa na mifereji miwili na tuta la majani katikati, kwa sababu miguu yake ya kushoto na kulia imekaa mbalimbali. Nilijua kwamba ukiwa kati ya kiboko na maji alfajiri umejichimbia kaburi, kwa hiyo unasoma kwanza kama nyayo zimesharudi mtoni au bado. Nilijua kwamba mamba akipita mchangani anaacha mstari wa mkia katikati ya nyayo, na pale anapoteleza kuingia majini anaacha alama laini ya tumbo. Nilijua kwamba unyayo ambao umande umeanguka juu yake ni wa usiku, na ule uliovunja umande ni wa asubuhi hii. Kwamba ukiona vidudu vidogo vya usiku vimetembea JUU ya unyayo, mwenye unyayo yuko mbali, nenda kanywe chai. Kwamba wa simba hauonyeshi kucha na wa fisi unaonyesha.

Sasa njooni chuoni. Mwaka jana nilifanya somo ambalo lina sura nzima ya dalili za wanyama. Tumelisoma kwa slaidi. Slaidi za picha, zenyewe zilikuwa zimetiwa giza na fotokopi ya mwaka gani sijui. Kwenye mtihani tukaandika tofauti kati ya unyayo wa jamii ya paka na wa jamii ya mbwa, alama sita. Tukapasi. Wiki iliyopita tumekwenda fildi, tukasimama wanafunzi arobaini juu ya njia ya mnyama, tunabishana. Mmoja kasema nyati. Mwingine kasema ng'ombe wa wafugaji. Msaidizi wa mhadhiri akatazama saa. Aliyemaliza ubishi ni dereva wa basi, ambaye alizaliwa porini huko Tunduru. Akasema ni ng'ombe, na akatuonyesha fimbo ya mchungaji ilipogusa chini pembeni. Tulicheka sana, lakini mimi kicheko changu kilinikwama kooni. Dereva yule hana cheti. Sisi tutapewa digrii.

KISA CHA MTONI

Sasa ngoja niwaambie kwa nini hili si suala la kucheka.

Nikiwa darasa la sita, mama mmoja kijijini kwetu alichukuliwa na mamba akichota maji. Sitamtaja, familia yake wapo. Mazishi yalikuwa ya kanga tu, maana mwili haukupatikana. Jioni ile maneno yakaanza. Nyie wa mjini hamjui maneno hayo yanavyoanza. Kwanza mtu mmoja anasema, mbona mamba amemchagua yeye wakati walikuwa watano? Mwingine anasema, yule mamba si wa Mungu, ni wa kutumwa. Wa tatu anakumbuka kwamba marehemu aligombana na bibi fulani juu ya mpaka wa shamba. Kufika saa tatu usiku jina la bibi lilikuwa limeshatajwa, na vijana wameshaanza kukaa vikundi vikundi.

Mjomba hakubishana na mtu. Asubuhi aliwachukua wazee watatu na vijana wale wale waliokuwa wanachemka, akashuka nao mtoni. Akawaonyesha. Hapa mamba ameota jua, si jana tu, siku nyingi, tazameni alama mpya zilivyolalia za zamani. Hapa ndipo anateleza kuingia. Na hapa ndipo mama zetu wanachota, pale pale, saa ile ile, kila siku, hatua chache tu kutoka kwenye mteremko wake. Huyu hakutumwa na mtu. Huyu alitusoma sisi wakati sisi tulikuwa hatumsomi yeye. Siku hiyo hiyo wakahamisha mahali pa kuchotea na wakapiga uzio wa miti majini. Bibi yule aliishi miaka mingine kadhaa akafa kwa uzee kitandani kwake.

Narudia, msomaji. Mtu mmoja anayejua kusoma nyayo aliokoa maisha ya bibi kizee ambaye hakuwa hata karibu na mto.

Kama unadhani natia chumvi, ulizia ng'ambo. Mwaka 2002 na 2003 wilayani Muidumbe, kwa ndugu zetu Wamakonde wa Msumbiji, simba waliua watu mfululizo. Watu wakaamini ni simba wa kutengenezwa, na ikafika mahali majirani wakawageukia majirani, watu wakauawa kwa tuhuma za kufuga simba wa uchawi. Kwetu huku Tanzania, utafiti wa Craig Packer na wenzake, wakiwemo Watanzania Dennis Ikanda na Bernard Kissui, ulitoka mwaka 2005 katika jarida la Nature. Ulionyesha kwamba tangu 1990 simba walikuwa wameua Watanzania wasiopungua 563 na kujeruhi zaidi ya 308, na balaa kubwa lilikuwa kusini, kwetu huku. Na waligundua nini? Kwamba nguruwe pori ndio wanaoleta simba mashambani. Nguruwe anafuata mazao, mkulima analala dunguni kulinda mazao, simba anamfuata nguruwe na anamkuta mkulima.

Mjomba aliposimuliwa utafiti huo alisema, "Sasa hilo nalo walikwenda kulitafuta?" Haha! Lakini nilimjibu na nawajibu nyie pia: ndiyo, ilibidi kutafutwa, kuhesabiwa na kuandikwa, kwa sababu serikali haiwezi kupanga bajeti kwa kusikia. Mimi sipingi sayansi. Mimi napinga sayansi inayokunywa kisimani kwa mtu halafu inafuta jina la mwenye kisima.

WATU WA KUJITOLEA WA AINA MBILI

Tusijifanye wageni wa jambo hili huko Mtwara. Mwishoni mwa miaka ya 1990 mradi wa Frontier-Tanzania, ambao ulikuwa ubia wa shirika la Uingereza na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulileta vijana wa kujitolea hadi Ghuba ya Mnazi. Vijana wale walilipa wenyewe kuja. Walifundishwa kutambua samaki na matumbawe, wakazamia, wakahesabu, na ripoti zao zikaingia kwenye kumbukumbu za pwani yetu. Mwaka 2000 ikatangazwa Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma. Sina neno baya na vijana wale. Walifanya kazi ya kweli.

Swali langu ni hili: kijana aliyekuja hajui changu wala kolekole aliweza kufundishwa akatoa takwimu zinazoaminika. Je, kijana wa Msimbati ambaye amezaliwa anawajua, angefundishwa kuzamia na kujaza fomu, angeshindwa nini? Mmoja ukimpa elimu unaanzia sifuri, mwingine unaanzia katikati ya ngazi. Nani ni rahisi zaidi?

Halafu kuna watu wa kujitolea wa aina ya pili, wa kwetu. Wanaitwa askari wanyamapori wa vijiji. Tangu miaka ya 1990 kuna chuo Likuyu Sekamaganga, wilayani Namtumbo, kilichoanzishwa mahsusi kwa uhifadhi wa jamii, na vijana wengi wa vijijini wamepita pale. Wazo lenyewe ni zuri sana, na nalitetea mbele ya mtu yeyote. Ushoroba mzima wa Selous hadi Niassa, tembo wanapopita kwenda na kurudi Msumbiji, hauwezi kulindwa na magari ya serikali peke yake. Lakini kijana akishamaliza mafunzo anarudi kijijini, na kijiji kisipokuwa na mapato ya utalii au uwindaji, kinamwambia kitu gani? Kinamwambia JITOLEE. Anakesha, analowana, anagombana na majangili ambao ni majirani zake, na mwisho wa mwezi mkewe anamuuliza swali ambalo hakuna kozi iliyomfundisha kulijibu.

Mjomba hata huko hakupelekwa. Yeye kijiji kilimwomba tu kwa mdomo. Akiingia kiboko shambani, anaitwa mjomba. Mtoto akipotea bondeni, mjomba. Miaka minne iliyopita aliitwa usiku, kiboko yuko kwenye mpunga wa watu. Akaenda na tochi yake ya betri mbili. Kiboko akageuka. Mjomba akakimbia, akatumbukia kwenye mfereji, mguu ukavunjika. Gharama za hospitali tuliuza korosho ya msimu mzima, na bado tukakopa. Nikiwa likizo nilimuuliza, mjomba, utaacha sasa? Akasema, "Njomba, nikiacha wakauawa watu, nitalala vipi?"

Hiyo ndiyo tabia ambayo watu wakubwa wanaipenda sana. Wanaiita UZALENDO. Mimi naiita deni.

Mtaniambia kuna kifuta jasho na kifuta machozi. Kweli, upo utaratibu huo. Kanuni za mwaka 2011 ziliweka shilingi 1,000,000 kwa mtu aliyeuawa na mnyama hatari, na viwango vimepandishwa baadaye. Sawa. Lakini tazama jina lake lenyewe: kufuta machozi, yaani tunangoja kwanza mtu alie. Pesa ya kumfuta machozi yatima ipo kwenye kanuni, lakini ya kumlipa mtu ambaye angezuia msiba alfajiri ile haipo. Ukimlipa mjomba kiasi hicho hicho kidogo kidogo kwa mwaka, huenda usingehitaji leso.

WALIOFANYA HAWAKUFA

Nasikia mtu anasema, haya ni maneno ya mwanafunzi, hayatekelezeki. Haya, sikilizeni.

Afrika Kusini kuna bwana anaitwa Louis Liebenberg. Mwaka 1990 alitoa kitabu akisema kwamba kufuatilia nyayo ndiyo asili ya sayansi, maana msasi anaona dalili, anabuni dhana, anaijaribu, na akikosea anairekebisha. Hakuishia kuandika. Alianzisha mitihani ya kuwapima wafuatiliaji porini, ili mtu awe na daraja linaloeleweka hata kama hajawahi kushika kalamu. Akatengeneza pia programu ya CyberTracker, inayotumia picha badala ya maneno, ili asiyejua kusoma aingize alichokiona. Na mwaka 1999 ikatoka makala ya kisayansi juu ya kufuatilia faru kwa kutumia programu hiyo katika jarida la Pachyderm, na kati ya WAANDISHI wake walikuwemo wafuatiliaji wawili, Karel Benadie na James Minye, ambao hawakuwa wanajua kusoma wala kuandika. Majina yao yapo pale juu, pamoja na ya waandishi wenzao. Hawakuwekwa chini kwenye shukrani baada ya jina la dereva.

Hapo jirani Kenya, kuanzia mwaka 2007, mradi wa Lion Guardians unawaajiri morani wa Kimasai wafuatilie simba wanaoishi katikati ya mifugo yao. Wengi walikuwa hawajasoma. Wamefundishwa kusoma na kuandika, wamepewa GPS, na WANALIPWA. Watu waliokuwa wanaua simba ndio wanaowalinda. Na hawakuambiwa wajitolee kwanza ndipo waonekane wana moyo.

Ya mwisho ni ya kwetu kabisa, ng'ambo ya Ruvuma. Niassa, Wayao wana ndege mdogo anayewaongoza hadi kwenye asali. Wazee wetu upande huu nao wanamjua. Warina asali wa Niassa wakitaka kumwita hutoa mlio, kama "brrr" halafu "hm". Mwaka 2016 Claire Spottiswoode na wenzake walichapisha jaribio katika jarida la Science: ukipiga mlio ule, uwezekano wa ndege kukuongoza unapanda kutoka asilimia 33 hadi 66, na uwezekano wa kupata nyuki unapanda kutoka asilimia 16 hadi 54. Fikiria, babu yako alikuwa anaongea na ndege, na takwimu zimesema babu alikuwa sahihi. Sasa niambieni, kuna wajukuu wangapi wa Kiyao hapa chuoni wanaoujua mlio huo? Tunajua mlio wa ujumbe wa simu tu, tena tunautofautisha na wa rumeti kwa umbali wa mita hamsini!

Elimu hii inakufa, wadau. Haifi kwa kukosa thamani. Inakufa kwa sababu mtoto anaona mjomba wake ana maarifa yote haya na bado hana dawa ya mguu. Mtoto si mjinga. Anachagua bodaboda.

WANAOPINGA

Kuna hoja tatu huwa nazisikia, nizijibu haraka.

Ya kwanza: ukiwafundisha wanakijiji kufuatilia wanyama unafundisha majangili. Ndugu yangu, jangili hakusubiri umfundishe. Jangili yuko vizuri. Aliye nyuma ni yule anayetakiwa kumfuata jangili.

Ya pili: hakuna bajeti. Bajeti ya semina ipo. Bajeti ya mabango ya "Tuhifadhi Maliasili Zetu" ipo, na bango halijawahi kumfukuza kiboko.

Ya tatu ndiyo nzito, na naiheshimu. Wanasema mpakani kwenu, baada ya mwaka 2020, huwezi kuruhusu watu wazunguke bondeni gizani. Ni kweli. Hata mjomba amewahi kusimamishwa alfajiri na kuulizwa wewe ni nani na unafuata nini. Angeweza kudhaniwa vibaya na tukampoteza. Lakini hoja hiyo ndiyo inayonipa nguvu. Mtu anayesoma nyayo bila barua, bila kitambulisho, bila jina lake kujulikana na mamlaka, yuko hatarini mara mbili: mbele kuna mnyama, nyuma kuna mashaka. Mkimwacha ajitolee kimya kimya mnamweka kwenye hatari hiyo. Msajilini, mpeni kitambulisho, mjulishe anayelinda mpaka. Na hapo mtakuwa mmepata jicho ambalo linajua kila alfajiri kama mchanga wa leo unafanana na wa jana.

NINACHOTAKA

Sitaki makubwa. Nataka wazee na watu kama mjomba wawe WAALIMU wa mafunzo haya, walipwe kama waalimu, na wasigeuzwe maonyesho ya utamaduni wakati wa chakula cha mchana. Nataka uwepo mtihani wa porini, kwa Kiswahili, wenye madaraja, ambao dereva wetu wa basi akiufanya anapata cheti na mimi nikifeli nafeli na digrii yangu. Nataka kila kijiji cha bondeni kiwe na wafuatiliaji wawili au watatu, wanaume na wanawake, maana wanaokwenda mtoni kila siku ni mama zetu na dada zetu, na wao wanaona mengi kuliko sisi. Nataka posho, buti, tochi ya maana na bima ya afya kabla ya mguu kuvunjika. Na mgeni mwenye dola zake anayetaka kujifunza, karibu sana, tena tunamhitaji. Alipe ada, na ada hiyo iende kwa anayemfundisha.

Na kwa sababu nimewasema watu wote leo, nijiseme na mimi. Mwaka wa kwanza niliandika ripoti ya fildi juu ya viboko wa Ruvuma. Nilipata A. Mhadhiri aliisifu mbele ya darasa, akasema ina uchunguzi wa kina. Uchunguzi wote ule ulikuwa wa mjomba. Nilikaa naye jioni tatu naandika anayosema. Kwenye ripoti jina lake halimo. Sikuliweka hata kwenye shukrani. Nilimshukuru msimamizi wangu, nikamshukuru Mungu, nikamshukuru aliyenichapia. Niliona aibu, nadhani, kuandika kwamba chanzo changu ni mzee mmoja wa Kitaya asiye na cheti.

Jana usiku nilimpigia simu kumwambia. Shikamoo mjomba. Marahaba njomba, umekula? Nikamweleza lile la ripoti, moyo unanidunda. Akanyamaza kidogo, nikadhani mtandao umekata. Halafu akauliza, "Sasa ulieleza vizuri lile la tuta la katikati?" Nikasema nililieleza. Akasema, "Basi vizuri."

Yeye kasema basi vizuri. Mimi sijaridhika. Ripoti ya mwaka huu jina lake litakuwa ukurasa wa kwanza, karibu na langu, na msimamizi akilikata ataniambia kwa nini, na majibu yake nitayaweka humu humu.

Naomba kutoa hoja. Sasa ngoja nikapange foleni ya maji, hosteli yetu leo yametoka... na hapa hakuna mamba, lakini kuna watu wa mwaka wa tatu.

Tuonane wiki ijayo Mungu akipenda.